Daktari wa Retina na Msitu wa Iraty: Mafunzo kutoka Maisha ya Dk. Charles Schepens



Ndugu na dada zangu katika imani, shukrani zote ni za Allah (S.W.), Aliyetupa macho, masikio na nyoyo, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Katika mfululizo wetu wa masomo juu ya elimu na utumishi, safari hii nimechagua kuzungumzia maisha ya mtu mmoja wa fani ya tiba ya macho. Si Mwislamu wala si Mwafrika. Ni Mbelgiji, na sisi wa Burundi, Rwanda na Kongo tunalijua vizuri jina la Ubelgiji, maana ndiyo iliyotutawala. Kwa sababu hiyo nilipoitaja mada hii katika halaka yetu, ndugu mmoja aliuliza swali la haki kabisa: "Tumekosa watu wetu wa kujifunza kwao?" Nitalijibu swali lake, lakini kwanza tumjue mtu mwenyewe na kazi yake.

1. Retina ni nini?

Wengi wetu tukisikia upasuaji wa macho tunafikiria mtoto wa jicho. Huo ni ukungu wa lenzi, iliyo mbele ya jicho. Daktari huitoa lenzi iliyochafuka, akaweka nyingine, na mzee aliyekuwa anaongozwa kwa mkono anarudi kuwatambua wajukuu wake.

Retina iko nyuma. Ni utando mwembamba sana uliotandikwa ndani ya jicho, upande wa nyuma, mfano wa karatasi iliyobandikwa ukutani. Mwanga ukipita kwenye lenzi huangukia hapo, na chembe za retina huugeuza kuwa ishara zinazosafiri kwenye mshipa wa fahamu hadi kwenye ubongo. Katikati ya retina pana sehemu ndogo iitwayo makula. Hiyo ndiyo tunayoitumia kusoma maandishi na kutambua nyuso za watu. Mtu aliyepoteza makula anaweza kuona mlango na asigongane nao, lakini hawezi kusoma msahafu.

Chembe zinazopokea mwanga hupata sehemu kubwa ya chakula na hewa yake kutoka kwenye tabaka la mishipa ya damu lililo nyuma ya retina. Kwa hiyo retina ikibanduka kutoka kwenye ukuta wake, chembe hizo hubaki bila chakula na huanza kufa. Ndiyo maana kubanduka kwa retina ni jambo la dharura. Mtoto wa jicho anaweza kusubiri miezi. Retina iliyobanduka haisubiri, hasa kama makula bado haijaguswa.

2. Ugonjwa uliowashinda madaktari

Mwaka 1851 mwanasayansi wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, alitengeneza oftalmoskopu, yaani chombo cha kumwezesha daktari kuona ndani ya jicho la mtu aliye hai. Tangu hapo madaktari waliweza kuiona retina iliyobanduka, lakini hawakuweza kuitibu. Walijaribu kulaza wagonjwa chali kwa wiki nyingi, walijaribu kutoboa jicho na kutoa maji, na karibu wote walioshikwa na ugonjwa huo waliishia upofu.

Mtu wa kwanza kuuvunja ukuta huo alikuwa Jules Gonin, daktari wa macho wa Lausanne, Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1870. Alichunguza kwa subira na kuthibitisha kwamba chanzo cha ugonjwa ni tundu au mchaniko kwenye retina. Maji ya ndani ya jicho hupenya kwenye tundu hilo, yakaingia nyuma ya retina na kuibandua. Kwa hiyo, alisema, ziba tundu. Alipima kwa makini mahali tundu lilipo, kisha akachoma mahali hapo kwa chuma cha moto kutoka nje ya jicho, ili kovu la kuungua liishike retina.

Wenzake wengi walimpinga kwa miaka. Njia yake ilikubaliwa waziwazi katika mkutano wa kimataifa wa madaktari wa macho uliofanyika Amsterdam mwaka 1929, naye alifariki mwaka 1935. Lakini hata baada ya Gonin kulikuwa na tatizo. Ukitaka kuziba tundu ni lazima kwanza ulione, na oftalmoskopu ya wakati ule ilionyesha eneo dogo tu, kwa jicho moja la daktari, bila kina. Matundu mengi yako pembeni kabisa mwa retina, mahali ambapo chombo hakifiki. Wagonjwa wengi waliendelea kupofuka kwa sababu ya tundu ambalo hakuna aliyeliona.

3. Kijana wa Mouscron

Charles Schepens alizaliwa mwaka 1912 katika mji wa Mouscron, Ubelgiji. Baba yake alikuwa tabibu. Yeye mwenyewe alianza kwa kusoma hisabati, kisha akahamia udaktari na kuhitimu katika chuo kikuu cha Ghent mwaka 1935. Alijiendeleza katika tiba ya macho kwenye hospitali ya Moorfields ya London, iliyokuwa na bado ni miongoni mwa hospitali mashuhuri za macho duniani.

Nawaomba wenzangu wa kitivo cha sayansi mkumbuke hiyo hisabati. Mtu aliyezoea kufikiri kwa mistari, pembe na miale ya mwanga ndiye baadaye aliyekuja kutatua tatizo la mwanga.

Mwaka 1940 jeshi la Hitler liliivamia Ubelgiji. Schepens alikuwa amehudumu kama daktari katika jeshi la anga la nchi yake. Baada ya nchi kuanguka alirudi kutibu macho mjini Brussels. Mwaka huohuo polisi wa siri wa Kijerumani, Gestapo, walimkamata wakimtuhumu kwa jambo ambalo hakulitenda, kwamba gari lake lilitumika kusafirisha marubani wa maadui wao. Baada ya siku chache wakamwachia. Kukamatwa huko ndiko kulikomwingiza katika upinzani. Tuhuma iliyokuwa ya uongo ikawa kweli, kwani alianza kuwasaidia watu wa siri waliopinga uvamizi, na chumba chake cha matibabu kikawa kituo cha kupitishia habari.

4. Mwenye kiwanda cha mbao wa Mendive

Mwaka 1942 siri yake iligunduliwa. Akakimbilia Ufaransa, akabadili jina na kujiita Jacques Pérot. Alikwenda na mkewe na watoto hadi Mendive, kijiji cha Wabaski chini ya milima ya Pyrenees, karibu na mpaka wa Hispania. Huko palikuwa na kiwanda cha kupasua mbao kilichokuwa na njia ya waya iliyoteremsha magogo kutoka msitu wa Iraty ulioko juu mlimani. Kiwanda kikafufuliwa, daktari wa macho akawa bwana mbao.

Mbao zilikuwa za kweli na wafanyakazi walikuwa wa kweli. Lakini miongoni mwa wafanyakazi walikuwamo watu waliokuwa wanakimbia kukamatwa. Waliingia msituni kama wakata miti, kisha usiku wakavushwa mpaka. Aliyewaongoza njia alikuwa mchungaji wa kondoo wa kijiji kile, Jean Sarochar, mtu ambaye wanakijiji hawakumpa uzito wowote. Kwa njia hiyo watu zaidi ya 100 walivuka kwenda kwenye usalama, pamoja na nyaraka za siri.

Ili kazi iendelee, Schepens alilazimika kujionyesha kama mfanyabiashara anayeelewana na Wajerumani. Baadhi ya watu wa kijijini walimwona msaliti, naye hakuweza kujitetea. Fikirieni hali hiyo: mtu anahatarisha shingo yake kila siku, na jirani anamtazama kwa dharau.

Mwaka 1943 Gestapo walimfikia tena. Alitorokea msituni akavuka Hispania. Mkewe na watoto walibaki mikononi mwa Wajerumani kwa muda. Baadaye mama huyo naye akavuka milima kwa miguu pamoja na watoto wake, na familia ikakutana tena. Schepens alirudi Moorfields, London, akavaa tena koti jeupe. Hadithi ya Mendive haikuwa jambo la kujitangazia. Miaka mingi ilipita kabla watu wengi hawajaijua, na kitabu kamili cha Meg Ostrum juu ya daktari huyo na yule mchungaji kilitoka mwaka 2004.

5. Chombo cha kuvaa kichwani

Akiwa London, wakati vita bado vinaendelea, Schepens alitengeneza mfano wa kwanza wa chombo kilichobadilisha fani hii. Badala ya kushika oftalmoskopu kwenye jicho moja, daktari huvaa kichwani taa na vioo vinavyomwezesha kutumia macho yake yote mawili. Mkono mmoja hushika lenzi mbele ya jicho la mgonjwa. Mkono wa pili uko huru, na kwa kidude kidogo hubonyeza taratibu jicho kutoka nje ili pembe za retina zilizojificha ziingie kwenye mwanga.

Faida ni tatu. Daktari anaona kwa kina, kwa hiyo anatambua kipi kimeinuka na kipi kimelala. Anaona eneo pana kwa mara moja. Na anafika pembeni kabisa, huko yalikojificha matundu ya Gonin.

Lakini kuna gharama. Picha inayoonekana kwenye lenzi hiyo imepinduka: juu iko chini, kulia kuko kushoto. Mwanafunzi anapoanza hupotea kabisa. Wanafunzi wa Schepens walifundishwa kuchora kila retina kwa penseli za rangi, nyekundu kwa sehemu iliyoshikamana na buluu kwa iliyobanduka. Karatasi huwekwa kichwa chini kando ya mgonjwa, ili kilichopinduka kwenye lenzi kichorwe jinsi kinavyoonekana na bado kitoke sawa. Uchunguzi na mchoro wa jicho moja ungeweza kuchukua muda mrefu. Hapakuwa na njia ya mkato, kwa sababu ukikosa tundu moja, upasuaji wote ni bure.

6. Boston: mkanda, taasisi na wanafunzi

Mwaka 1947 Schepens alihamia Marekani, kwenye maabara ya macho ya Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1949 alianzisha katika hospitali ya Massachusetts Eye and Ear, mjini Boston, huduma maalumu ya retina, ya kwanza ya aina yake. Mwaka 1950 alianzisha taasisi ya utafiti iliyoitwa Retina Foundation, ambayo baadaye ilipewa jina lake.

Katika upasuaji, mchango wake mkubwa ni ule wa mkanda. Wazo ni rahisi kulielewa. Ikiwa karatasi imebanduka ukutani na huwezi kuirudisha kwenye ukuta, basi usogeze ukuta uifuate karatasi. Daktari huzungushia au hushonea kwenye sehemu nyeupe ya jicho, kwa nje, kipande cha plastiki au silikoni kinachobonyeza ukuta kwenda ndani hadi uguse retina mahali palipo na tundu. Tundu linazibwa, maji ya nyuma yanafyonzwa, retina inashika. Ernst Custodis alikuwa ameanza njia ya kubonyeza hivyo nchini Ujerumani mwaka 1949. Schepens na wenzake wa Boston waliiendeleza kwa mkanda unaolizunguka jicho zima. Tazameni, vita vilikuwa vimeisha miaka michache tu, na tayari Mbelgiji aliyewindwa na Wajerumani na daktari wa Kijerumani wanachangia kujenga tiba moja.

Kutoka kwenye hali ya Gonin, ambapo karibu nusu au zaidi ya wagonjwa bado walipoteza jicho, mafanikio yalipanda hadi kufikia karibu tisa kati ya kila kumi.

Taasisi yake nayo haikuwa ya madaktari peke yao. Aliwaweka pamoja wataalamu wa fizikia, kemia, optiki na baiolojia. Mmoja wao, Endre Balazs, alichunguza ule ute mzito kama jeli unaojaza jicho, na kutokana na utafiti wake ilipatikana jeli inayotumika hadi leo katika upasuaji wa mtoto wa jicho. Pia Schepens alianzisha mafunzo rasmi ya ubingwa wa retina, na madaktari waliofunzwa kwake waliipeleka fani hii nchi nyingi. Mwaka 1967 alikuwa rais wa kwanza wa chama cha mabingwa hao, Retina Society. Alifariki Machi 2006 akiwa na miaka 94, siku chache baada ya Ufaransa kumpa nishani yake ya heshima kwa yale aliyoyatenda Mendive.

7. Jibu kwa ndugu yetu

Sasa nirudi kwenye swali: tumekosa watu wetu? Hatukukosa. Ali ibn Isa wa Baghdad aliandika, yapata miaka elfu moja iliyopita, kitabu cha magonjwa ya macho kilichofundishiwa kwa karne nyingi. Ammar ibn Ali al-Mawsili, aliyefanya kazi Misri, alibuni sindano yenye uwazi ndani kwa ajili ya kufyonza mtoto wa jicho. Ibn al-Haytham alieleza jinsi mwanga unavyoingia machoni. Hao ni wetu, na tuna haki ya kujivunia.

Lakini tujiulize, wao walijifunza kwa nani? Mwalimu mkubwa wa tiba ya macho wa Baghdad kabla yao alikuwa Hunayn ibn Ishaq, aliyefariki mwaka 873. Alikuwa Mkristo. Aliandika risala kumi juu ya jicho, na alitafsiri vitabu vya Galeni, tabibu wa Kiyunani, chini ya ulinzi wa makhalifa wa Kiislamu. Wazee wetu hawakumuuliza Hunayn dini yake kabla ya kuchukua elimu yake. Walichukua kilicho kweli, wakakipima, wakakiongeza. Tukikataa kujifunza kwa Schepens kwa sababu ya dini yake au bendera yake, tutakuwa tumeiacha njia ya haohao tunaojivunia.

Ama ukoloni, dhulma yake haifutwi na wema wa mtu mmoja. Ila uadilifu unatutaka tumpime kila mtu kwa matendo yake. Alipokuja mvamizi kuikalia nchi yake, Mbelgiji huyu alionja kutawaliwa kwa mtutu, na akachagua kusimama na wanaowindwa.

8. Mafunzo tunayoyapata

La kwanza: faradhi ya kutosheana. Imam al-Ghazali, katika Ihya, aliihesabu tiba kuwa fardhi kifaya, na alilalamika kwamba katika miji mingi ya wakati wake tabibu alikuwa si Mwislamu, huku vijana wakisongamana kwenye fani zinazoleta vyeo. Malalamiko hayo yana zaidi ya miaka 900. Nawaomba tusiyasome kama historia. Kila mmoja wetu aangalie darasa lake na kuhesabu ni wangapi wanataka ubingwa mgumu usio na jina, na wangapi wanatafuta kazi ya haraka. Bingwa wa retina, baada ya shahada ya udaktari, husoma tiba ya macho kwa kama miaka mitatu au minne, kisha retina peke yake mwaka mmoja au miwili. Ni njia ndefu. Lakini fardhi kifaya isipotekelezwa na yeyote, dhambi inatufikia sote wenye uwezo.

La pili: ikhlasi. Schepens alivumilia jina baya kijijini kwa ajili ya kazi njema, na baada ya vita hakuigeuza kuwa mtaji. Sisi siku hizi tukipeleka mchele kwa yatima, picha inatangulia kufika kabla ya mchele. Sisemi kila picha ni ria. Nasema tujiulize kama kazi ile tungeifanya pasipo mtu wa kutuona, na hasa kama tungeifanya huku watu wakitusema vibaya.

La tatu: thamani ya nafsi. Tumefundishwa kuwa aliyeokoa nafsi moja ni kama aliyeokoa watu wote. Hapa huja suala la fiqhi: Schepens alitumia jina la uongo na kuwahadaa askari. Je, inafaa? Maulamaa wetu wamelizungumza jambo hili. Asili ya uongo ni haramu, lakini wameeleza kuwa asiye na hatia akiwa amejificha dhidi ya dhalimu anayetaka kumuua, basi kumficha ni wajibu, hata ikibidi kusema lisilo kweli. Mizani ni nafsi yenye kuokolewa, si maslahi ya msemaji. Sisi wa ukanda huu wa Maziwa Makuu, tunaojua majirani waliowaficha majirani zao ndani ya nyumba na watu wenye silaha wakiwa mlangoni, hatuhitaji kwenda hadi Pyrenees kupata mifano.

La nne: usimdharau mchungaji. Daktari msomi, mwenye hisabati na Kilatini, asingevusha hata mtu mmoja bila Jean Sarochar aliyezijua njia za mlima. Na hospitalini ni hivyo hivyo. Muuguzi, fundi wa mashine, mtu wa usafi, mwanamke wa kijijini anayemshawishi jirani yake aende kupima macho: kila mmoja ana njia anayoijua yeye tu.

La tano: itqani. Ule mchoro wa rangi, uliochorwa kwa subira juu ya picha iliyopinduka, ni ibada ya kazi kwa anayenuia. Mwenyezi Mungu anapenda mja akifanya kazi aifanye kwa ukamilifu. Kukopi ripoti ya maabara ya mwenzako leo ni maandalizi ya kukosa tundu kwenye jicho la mtu kesho.

9. Yanayotuhusu nyumbani

Elimu isiyotoka darasani haina baraka. Kwa hiyo kila anayesoma makala hii ayafikishe mambo haya matatu kwao, iwe Buyenzi, Kigali, Uvira au kijijini.

Mosi, dalili za hatari za retina: kuona vimweko vya mwanga kama radi pembeni mwa jicho, kuona ghafla vidoa vyeusi vingi vinavyoelea kama inzi au masizi, au kuona kama pazia jeusi linafunika upande mmoja. Hakuna maumivu, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa sababu asiyeumwa husubiri. Mwenye dalili hizo aende kwa daktari wa macho siku ileile, asingoje wiki wala asitiwe majani ya kienyeji.

Pili, kisukari. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa midogo ya retina, ikavuja damu, na mwisho ikaweza kuvuta retina na kuibandua. Mgonjwa anaweza kuwa bado anaona vizuri huku uharibifu umeanza. Mzee wako mwenye kisukari apimwe nyuma ya jicho, kwa macho yaliyopanuliwa kwa dawa ya matone, angalau mara moja kwa mwaka. Kupimwa miwani peke yake hakutoshi.

Tatu, seli mundu na watoto njiti. Ugonjwa wa seli mundu unaweza kuziba mishipa ya retina, na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati na akatiwa oksijeni anaweza kupata ugonjwa wa retina katika wiki zake za mwanzo. Hawa nao wanahitaji kupimwa, na chombo kinachotumika sana kuwapima ni kilekile cha kuvaa kichwani ambacho Schepens alianza kukitengeneza wakati wa vita.

Na wasiosoma udaktari wasidhani hawamo. Wa fizikia na uhandisi, mashine za hospitali zetu zinakufa kwa kukosa fundi. Wa uchumi, hesabuni jinsi ya kuanzisha mfuko wa wakfu wa kulipia upasuaji wa macho. Waislamu wa zamani waliendesha hospitali nzima kwa wakfu. Wa lugha, andikeni maelezo haya kwa Kiswahili na Kirundi yabandikwe misikitini.

10. Maswali ya kujadili katika halaka

1. Fardhi kifaya zipi za elimu hazijatimizwa katika mji wetu? Taja tatu na utaje nani katika halaka anaweza kuanza.
2. Kuna tofauti gani kati ya kumficha aliyedhulumiwa na kumficha mhalifu? Toeni mipaka.
3. Tunawezaje kufanya kazi za hisani bila kujitangaza, na bado tukawahamasisha wengine wachangie?
4. Je, kikundi chetu kinaweza kupanga siku moja ya kuwapeleka wazee wa msikiti wenye kisukari kupimwa retina? Nani ataongea na hospitali, nani atatafuta usafiri, na lini?

Swali la nne lisiachwe bila tarehe.

Tunamuomba Allah (S.W.) Aponye macho ya wagonjwa wetu, Awape nuru waliopoteza nuru, na Atujaalie elimu yenye manufaa na amali zenye kukubaliwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.